Redio Ziliponyamaza, Simu Zikasema

Anayetaka kujua Mombasa inawaza nini wakati wa kampeni, aende Tononoka. Uwanja ule umebeba mikutano ya vyama vilivyotawala na vilivyokufa, na mkutano ukimalizika maneno hayaishii pale. Yanateremka Majengo, yanavuka Mwembe Tayari, yanaingia Mji wa Kale hadi barazani kwa wazee wanaomngoja muuza kahawa apite na dele lake. Ikifika Magharibi, sentensi moja ya mwanasiasa imeshaota mikono na miguu. Hapo ndipo mtu hufungua redio, ajue lipi limesemwa kweli na lipi limeongezwa njiani.

Nasimulia kisa cha wakati ambapo redio zetu hazikuweza kulijibu swali hilo. Ni kisa cha Kenya ya uchaguzi wa Desemba 2007 na miezi miwili iliyofuata, ambapo watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki na mamia ya maelfu wakapoteza makao. Nakisimulia kwa kuwa tunakwenda tena kwenye uchaguzi, tarehe 10 Agosti 2027. Tena makosa ya wakati ule hayakuwa ya mawaziri na wahariri peke yao. Sisi wasikilizaji tulikuwamo, na sioni sababu ya kuamini kwamba safari hii tumepona. Mimi ninayeandika na wewe unayesoma tunaweza kuteleza pale pale.

Lakini kisa chenyewe kilianza miaka 10 kabla, ng'ambo ya kivuko. Usiku wa 13 Agosti 1997, vijana waliokula kiapo katika msitu wa Kaya Bombo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki zaidi ya 40, kisha wakaingia mitaani kuwasaka wabara. Vikaratasi vilienezwa kwa Kiswahili, bila jina la mwandishi wala la mchapishaji, vikisema wakati umefika wageni waondolewe. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakahama. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni wakalala chini na watoto wao. Baadaye Tume ya Jaji Akilano Akiwumi ilielezwa kwamba maafisa wa usalama walikuwa wamepata fununu mapema, nao hawakuzifanyia kazi.

Tusiseme hayo yalikuwa mambo ya bunduki wala hayakuhusu habari. Karatasi ile ilikuwa chombo cha habari. Ilikuwa na ujumbe, ilikuwa na wasomaji, na ilifika mlangoni. Mbele yake kulikuwa na nini? Redio iliyosikika kisiwa kizima ilikuwa KBC, na taarifa ya habari ya KBC enzi zile ilianza na alikokwenda Mtukufu Rais na alilosema huko. Mama wa Likoni aliyetaka kujua kama barabara ya Ukunda inapitika hakuwa na pa kuuliza ila kwa jirani, na jirani naye alikuwa amesikia kwa jirani. Pale tulipaswa kujifunza kwamba mahali ambapo redio haisemi, karatasi isiyo na jina husema. Tuliipita dalili hiyo, tukasema ni mambo ya Likoni, yamekwisha.

Kisha masafa yakafunguliwa. Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000, na baada ya miaka michache jamii nyingi kubwa zilikuwa na redio kwa lugha zao. Huku kwetu tukawa na Pwani FM, Baraka FM na Radio Rahma. Ilikuwa neema, na sikubaliani na wanaosema kwamba redio za lugha za mama ndizo zilizoleta balaa. Bibi ambaye hajui Kiingereza alisikia kwa mara ya kwanza mtu akimweleza bajeti, dawa za watoto na bei ya mahindi kwa maneno aliyozaliwa nayo. Lugha haina kosa.

Hatari ilikuwa katika namna kipindi kilivyoendeshwa. Mtangazaji wa asubuhi aliajiriwa kwa sababu ana sauti nzuri na anajua kuchekesha. Jana alikuwa akicheza muziki, leo ameambiwa aongoze mjadala wa ardhi na urais kwa saa tatu. Simu inalia, anabonyeza kitufe, na anayepiga anaingia hewani papo hapo. Upo mtambo wa kuichelewesha sauti kwa sekunde chache, ili neno baya likitoka likatwe kabla halijamfikia msikilizaji. Vituo vingi havikuwa nao, na mtambo wenyewe hausaidii kama hapana mtu aliyefundishwa kuukalia.

Anayepiga simu hasemi watu wauawe. Anasema kwa mafumbo: magugu yang'olewe shambani, madoadoa yaondolewe, wageni wajue mipaka yao. Mtangazaji anacheka, anashukuru kwa maoni, anafungua simu nyingine. Kicheko hicho ndicho kinachonisumbua kila ninapokitafakari kisa hiki. Mtangazaji huyo huenda hana chuki na mtu yeyote. Amecheka kwa sababu saa inakwenda, tangazo la sabuni linangoja, na yeye hajui afanye nini. Lakini maelfu wanaomsikiliza kwenye matatu na vibandani wameambiwa na kicheko kile kwamba neno hili sasa linasemeka. Kesho atapiga mwingine aseme zaidi kidogo.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 2005, kuelekea kura ya maoni ya katiba ya 21 Novemba, ile ya ndizi (ndiyo) na chungwa (hapana), serikali iliifunga Kass FM, redio ya Kikalenjin, kwa siku kadhaa ikiituhumu kwa uchochezi, kisha ikafunguliwa. Tulifanya nini na dalili hiyo? Tuligawanyika. Waliokuwa na ndizi walisema redio imefungwa kwa haki, waliokuwa na chungwa walisema uhuru umenyongwa. Sikumbuki kusikia mjadala wa maana juu ya swali la katikati: ni maneno gani yanayopita hewani, na nani atawafundisha watangazaji kuyazuia bila kungoja polisi waje? Kura ikapigwa, swali likaachwa lilipo.

Halafu ikaja 2 Machi 2006. Askari waliofunika nyuso waliingia usiku katika ofisi za Standard na KTN jijini Nairobi, wakazima matangazo na kuyachoma magazeti. Waziri wa Usalama wa Ndani, John Michuki, alijibu kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Tangu siku ile serikali na vyombo vya habari vilitazamana kwa uadui. Uadui huo ulikuwa na bei yake, ambayo ilikuja kulipwa baadaye. Uchaguzi ulipoingia matatani, serikali iliposema inazuia matangazo ili kuokoa maisha, hapana aliyeamini. Na vyombo viliposema vinataka kutangaza ili watu wajue ukweli, serikali nayo haikuamini.

Pwani tulipata onyo letu wenyewe. Tarehe 29 Agosti 2007 Raila Odinga, aliyekuwa akiwania urais, alitia saini mkataba wa maelewano na viongozi wa Waislamu wa NAMLEF. Haukuwekwa wazi upesi. Katika pengo hilo la wiki kadhaa likazuka toleo la kughushi lililodai kwamba Wakenya wataletewa sharia, na likasambazwa makanisani na kwenye barua pepe. Viongozi wa makanisa walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka kwa yale waliyoonyeshwa. Mkataba halisi ulipotolewa mwishoni mwa Novemba, wengi walikuwa wameshaamini walichoamini. Katika mitaa kama Tononoka, ambako Mkristo na Mwislamu wanachota maji bomba moja, watu walianza kuulizana maswali ambayo hawakuwa wameulizana kabla. Vyombo vingi viliripoti madai ya huyu na majibu ya yule. Kilichohitajika ni mwandishi mmoja wa kuketi na karatasi mbili mezani na kumwambia msikilizaji: hii ndiyo iliyotiwa saini, hii haikutiwa.

Tulipiga kura Alhamisi, 27 Desemba. Siku iliyofuata runinga na redio zilikuwa zikitoa matokeo kadiri yalivyoingia kutoka maeneo ya ubunge, na Raila alikuwa mbele. Jumamosi pengo likaanza kuzibika. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alisema hadharani kwamba baadhi ya maafisa wake hawapatikani kwenye simu na kwamba anahofia matokeo yanapikwa. Nchi nzima ilimsikia. Mtu akisikia msimamizi mwenyewe akisema hivyo, moyo wake utatulia vipi?

Jumapili, 30 Desemba, ukumbi wa KICC ulijaa askari na waandishi wakatolewa nje. Kivuitu alisoma matokeo katika chumba kidogo mbele ya kamera za KBC pekee: Rais Mwai Kibaki 4,584,721, Raila Odinga 4,352,993. Muda mfupi baadaye, jua likizama, Kibaki aliapishwa Ikulu. Jioni ile ile Wizara ya Usalama wa Ndani ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Marufuku hiyo ilidumu hadi mapema Februari.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye funzo ninalotaka tulishike. Serikali za Kenya zimeogopa maikrofoni tangu 1 Agosti 1982. Alfajiri ile wanajeshi waasi walimtoa nyumbani Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown hapa Mombasa, wakampeleka Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye siku hiyo hiyo, wanajeshi watiifu walipokitwaa tena kituo, sauti ile ile ilitangaza kwamba serikali ipo. Tangu hapo kila mtawala anajua kwamba mwenye redio ndiye mwenye nchi. Jambo likiharibika, mkono wa kwanza unakwenda kwenye swichi.

Lakini mwaka 1982 mwananchi aliyezimiwa redio alibaki gizani tu. Mwaka 2007 alikuwa na simu mfukoni. Redio zilipoacha kusema kinachotokea na kubaki na nyimbo za amani na wito wa maombi, simu zikashika zamu. Wenye bahati walifungulia Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Waliobaki walisoma meseji.

Meseji zile zilifanana kama zimeandikwa na mkono mmoja, na wenzetu wadogo ambao hawakuziona wazijue, maana umbo lake halijabadilika hadi leo. Meseji ya namna hiyo haina jina la aliyeianza. Chanzo chake ni ndugu wa mtu, askari au mfanyakazi wa Ikulu. Inataja mahali kamili na saa kamili, ili ionekane na uhakika: usiku wa leo, saa nne, watu wa jamii fulani wanakuja mtaa fulani. Inaonya kwa upendo: usilale, wafiche watoto. Na mwisho inaamuru: mtumie kila umpendaye. Mkono unaobonyeza kitufe cha kutuma unatetemeka kwa huruma, hauna chuki. Ndiyo maana naona sote tumo hatarini. Mtu mbaya anaianza, kisha watu wema elfu moja wanaibeba. Na jamii iliyotajwa kuwa inakuja, huko iliko nayo imepokea meseji yake kwamba nyinyi ndio mnaokuja.

Kuna methali tunayoipenda mno, lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Siku zile ilitumika kama ushahidi. Mtu akiuliza habari imetoka wapi, alijibiwa kwa methali, na wazee wakanyamaza kwa kuwa methali ni ya wazee. Inafaa kuitumia kwa kijana anayenong'onwa kuhusu posa. Juu ya habari ya mauaji haifai hata kidogo.

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Bonde la Ufa likawaka, Kisumu ikawaka, Nairobi na Naivasha zikawaka. Mombasa haikumwaga damu kiasi hicho, lakini maduka yaliporwa, vitoa machozi vilirushwa, na majirani wa miaka 20 wakafungiana milango. Barabara ya kwenda Malaba ikafungwa na vijana wenye mawe, reli ikang'olewa Kibera, makontena yakajazana Kilindini. Kampala na Kigali mafuta yakaadimika.

Serikali ilifikiria kuuzima kabisa ujumbe mfupi wa simu. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom, aliishawishi isizime. Badala yake kampuni iliwatumia wateja wake milioni 9 ujumbe wa kuwataka watulie. Wakati huo huo Ory Okolloh na wenzake walitengeneza Ushahidi, ramani ya intaneti iliyokusanya taarifa za wananchi juu ya vurugu: wapi, lini, nini. Mambo hayo mawili yalifanywa na watu wasio wanahabari, kwa siku chache, kwa sababu walielewa kwamba dawa ya habari mbaya ni habari nzuri inayofika haraka kama ile mbaya.

Na wanahabari? Alhamisi, 3 Januari, magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha pamoja, yakiomba nchi yetu tuipendayo iokolewe. Lilikuwa tendo la heshima, na waliolifanya waliogopa nchi isipotee, kama tulivyoogopa sisi. Hata hivyo nina jambo moja la kusema juu yake, na nalisema kwa upendo. Magazeti yaliomba amani kwa sauti moja, lakini hayakuuliza kwa sauti moja kura zilihesabiwaje. Siku moja kabla, Kivuitu alikuwa amenukuliwa akisema hajui kama Kibaki alishinda. Habari nzito kuliko hiyo katika nchi ni ipi? Mtu aliyeamini ameibiwa kura aliona ombi la amani kama ombi la kunyamaza, akarudi kwenye simu yake.

Kofi Annan alikuja kupatanisha, na mkataba kati ya Kibaki na Raila ukatiwa saini 28 Februari 2008. Ripoti ya Waki ilipotoka Oktoba, ilitaja kwamba baadhi ya redio za lugha za mama zilichangia kuwasha hisia. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague pamoja na William Ruto. Kesi ilianza 10 Septemba 2013 na ikasitishwa 5 Aprili 2016, majaji wengi wakisema ushahidi uliobaki hautoshi, na mmoja wao akilalamikia kuvurugwa kwa mashahidi. Sang hakutiwa hatiani, na haki inatutaka tuliseme hilo waziwazi. Lakini wengi wetu tulifanya kosa la kudhani kwamba kesi ya mtu mmoja ikiisha, swali la kazi nzima limeisha. Mitambo ya kuchelewesha sauti haikununuliwa Hague.

Rwanda huwa tunaitaja haraka, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo mwingine. Redio ya RTLM ilipoanza kutangaza Julai 1993, vijana wa Kigali waliipenda kwa sababu ilicheza muziki wa Kikongo na watangazaji wake walikuwa wacheshi kuliko wa redio ya taifa. Chuki iliingia katikati ya vichekesho, kidogo kidogo. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, redio ile tayari ilikuwa rafiki wa nyumbani. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, mlangoni petu, iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, wawili waasisi wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti la Kangura. Redio zetu hazikuwa RTLM, na anayezifananisha anazionea. Lakini kile kicheko cha mtangazaji, kile tunakifahamu.

Burundi inafundisha upande wa pili. Tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba amempindua. Mapinduzi yalishindwa, lakini ndani ya siku mbili redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa, na Rema FM iliyokuwa upande wa serikali ilivunjwa na upande wa pili. Nchi iliyozoea kuamka na redio ikabaki na WhatsApp. Na ni Burundi hiyo hiyo ambako, miaka 20 kabla, Studio Ijambo ilianza kuwatuma waandishi wawili wawili, Mhutu na Mtutsi, kwenye tukio moja. Huyu aliweza kuingia mtaa ambao mwenzake hakuweza, na wakirudi hakuna aliyeweza kuandika uongo mbele ya mwenzake. Kule Kongo, Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa imekuwa hewani tangu Februari 2002 kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo, na sauti yake imevuka mistari ya vita. Hiyo ni mipango ya watu waliokaa chini, katikati ya hatari, wakaamua kazi itafanywaje.

Sisi tumejirekebisha nusu nusu. Mwaka 2013 vyombo vyetu viliogopa kurudia ya 2007 hata vikawa wapole kupita kiasi, mambo ya mitambo iliyokwama kwenye vituo vya kura yakatajwa kwa kunong'ona. Tarehe 30 Januari 2018, Raila alipojiapisha kuwa “rais wa wananchi” Uhuru Park, serikali ilizima NTV, Citizen na KTN. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe 1 Februari, na amri hiyo ikapuuzwa kwa siku kadhaa. Mwaka 2022 fomu za matokeo za 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwenye mtandao wa tume, jambo ambalo mwaka 2007 lilikuwa ndoto. Vyombo vikaanza kujumlisha, lakini kila kimoja kilianza na mafungu yake. Jioni moja huyu anaongoza kwenye runinga hii na yule anaongoza kwenye ile. Hakuna aliyekuwa akidanganya. Ni mpangilio wa fomu tu, lakini msikilizaji hakuelezwa hilo kwa maneno mepesi, na kisha hesabu zikasimama kimya kimya, na kimya kikaanza kutoa meseji. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, na mitambo ya vituo kadhaa ikazimwa. Siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ililisimamisha agizo hilo. Mkono bado unakwenda kwenye swichi.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya Mombasa, hasa wale wadogo, wasingoje semina ya Nairobi. Kaeni pamoja sasa, washindani wote, mkubaliane juu ya dawati moja la kuthibitisha habari za usiku. Likoni kuwe na mtu, Kisauni kuwe na mtu, Changamwe na Tononoka vile vile, wa jamii na dini tofauti, wanaojuana kwa majina. Uvumi ukisema feri imefungwa, mmoja wao aende akasimame kwenye feri na aseme hewani anachokiona. Mtangazaji wa asubuhi afundishwe kumkatiza anayepiga simu bila kumvunjia heshima, na apewe ruhusa na mwajiri wake ya kufanya hivyo hata kama mpigaji ni mheshimiwa aliyelipia matangazo. Mkijumlisha kura, mwambieni mtu mmejumlisha vituo vingapi na vya wapi, na mkisimama, semeni mmesimama kwa nini.

Nasi tulio barazani na simu zetu, meseji ikija na mahali na saa, tumpigie mtu aliyeko mahali hapo kabla ya kumtumia mwingine. Kila mmoja wetu ana mtu Likoni, ana mtu Mishomoroni, ana mtu Eldoret. Na watakaoshika simu za vituo usiku wa matokeo wapangwe mapema, namba zao zibandikwe misikitini, makanisani na kwenye vibanda vya M-Pesa kabla kampeni hazijaanza.